Twisheni ya hesabu za mafumbo Temeke: maoni ya mzazi

Wazazi wenzangu wameniuliza sana kuhusu twisheni ya hisabati anayosoma binti yangu wa kidato cha pili, ile ya Jumamosi mchana huku Temeke, jirani na soko la Stereo. Kama mwanao anaweza kukokotoa mlinganyo wa kipeo cha pili (ule wenye x²) ukishaandikwa ubaoni, lakini akipewa swali la maneno anakodoa macho tu, mpeleke. Kama bado anahangaika na kuzidisha na alama za hasi, hapo si mahali pake kwa sasa, maana Mwalimu hasubiri.

Mimi nauza matunda kwa jumla pale sokoni. Mwalimu anaruhusu mzazi kukaa nyuma, na nilikaa kipindi kizima cha saa mbili. Swali la siku ile lilinigusa kabisa: mfanyabiashara alinunua maembe kwa shilingi 24,000. Kama bei ya kila embe ingepungua kwa shilingi 100, kwa pesa ileile angepata maembe 8 zaidi. Alinunua embe moja kwa shilingi ngapi?

Jambo la kwanza alilosema Mwalimu ni "kalamu chini." Alilisoma kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo litakavyokuja kwenye mtihani, kisha akamsimamisha kijana mmoja asimulie kisa chenyewe kwa Kiswahili, bila kutaja herufi wala mlinganyo. Kijana akasema bei ilipungua. Mwalimu akamuuliza, "Ilipungua, au ingepungua?" Darasa zima likaanza kubishana, naye akawaacha wabishane. Walipokubaliana kwamba hakuna bei iliyopungua, kwamba kuna manunuzi yaliyofanyika na mengine ya kufikirika tu, ndipo akachora jedwali. Safu moja mambo yalivyokuwa, safu ya pili ambavyo yangekuwa. Bei ni p, na upande wa pili p − 100. Idadi ya maembe ni 24,000 gawanya kwa p, na upande wa pili 24,000 gawanya kwa p − 100.

Kisha akauliza swali ambalo sasa binti yangu analirudia nyumbani: "Ni sentensi ipi kwenye swali hatujaitumia?" Ilikuwa imebaki ile ya maembe 8. Basi idadi ya pili ukitoa ya kwanza ni 8, na mlinganyo umepatikana. Walipousafisha ukawa p² − 100p − 300,000 = 0. Namba mbili zenye tofauti ya 100, ukizizidisha unapata 300,000: 600 na 500. Kwa hiyo p ni 600 au −500.

Mimi kichwani nilishaanza kujaribu bei kama tunavyofanya sokoni. Kwa 800 unapata maembe 30, kwa 700 hesabu haikai, kwa 600 unapata 40, na kwa 500 unapata 48. Nilipomwambia, hakunibeza. Aliwaambia watoto, "Mama ametuhakikishia jibu letu," halafu akawaeleza kwamba bei ikiwa si namba nzima, kujaribujaribu kutawachukua mchana kutwa. Niliipenda heshima ile, na nilipenda pia kwamba amewafundisha kulirudisha jibu kwenye swali kabla ya kupiga mstari.

Kwenye lile jibu la hasi ndipo nilipojua huyu ni mwalimu kweli. Nimeona madaftari ya watoto wa kwingine yameandikwa "chukua jibu chanya", basi, hakuna sababu. Huyu alimtaka kila mtoto aseme kwa nini −500 haifai, na sababu ni kwamba hapa tunatafuta bei. Mara akawapa swali la mpira unaorushwa juu, ambao kimo chake kwa mita baada ya sekunde t ni 20t − 5t². Ni wakati gani uko mita 15 juu? Majibu yakaja 1 na 3. Wapo walioanza kulikata moja kwa mazoea. Akaurusha mpira wenyewe hapo darasani, akawauliza umepita usawa wa ubao mara ngapi. Mara mbili, ukipanda na ukishuka. Majibu yote mawili yakabaki.

Kukamilisha mraba, njia nyingine ya kutatua milinganyo hii, anafundisha kwa mchoro, si kwa kukariri hatua. Kwa x² + 10x = 39 alichora mraba wa upande x, akaubandikia mistatili miwili ya 5 kwa x, ikabaki kona tupu ya 25. Ukiijaza, 39 inakuwa 64, upande wa mraba mkubwa ni 8, na x ni 3. Akawaambia swali hilo lilitatuliwa na al-Khwarizmi kule Baghdad katika karne ya 9, kwa maneno matupu na michoro, na kwamba hakulitaja jibu la pili, −13, kwa sababu alikuwa anapima upande wa mraba. Binti yangu alikuja nyumbani akanichorea ule mraba kwenye karatasi ya kufungia ndizi.

Kasoro zipo. Watoto wanabanana wanne wanne kwenye benchi, ubao umechakaa kiasi kwamba wa nyuma hawaoni alama ya hasi vizuri, na kwenye hesabu hizi hasi moja inaharibu kila kitu. Madaftari hayasahihishwi, kwa hiyo mzazi ufuatilie mwenyewe. Kanuni ya jumla, ile fomula ya kutatua mlinganyo wowote wa kipeo cha pili, ilipitishwa haraka mno. Watoto walipoitumia kwenye lile swali la maembe na kufika kwenye kipeuo cha pili cha 1,210,000, wengi walikwama, naye akasema tu "121 mara 10,000" akaendelea. Hapo angetulia.

Ada ni shilingi 2,000 kwa kipindi, na ukilipa mwezi mzima anapunguza. Kwa kazi niliyoiona, naona ni halali yake. Mwanao aende mapema akae benchi la mbele upande wa dirishani, abebe daftari la mraba na kitabu cha majedwali, na maswali yaliyomshinda shuleni. Nusu saa ya mwisho Mwalimu anayachukua hayo hayo na kuyasomesha, na wanaokuja mikono mitupu wanabaki kusikiliza ya wenzao.