Kinyozi wa Wafilipino pale Satwa: laini safi, na Pacquiao juu yake

Wenzangu wa Dubai mnaoulizana wapi pa kunyoa bila kukamuliwa, kuna Wafilipino wako Satwa, nyuma ya Mtaa wa 2 Desemba. Hutawakosa: ukutani wana bango la Manny Pacquiao, bondia wao maarufu, kubwa kuliko kioo cha kujitazamia. Kichwa ni dirham 25, ndevu unaongeza 10.

Nianze na kasoro. Nywele zetu za kipilipili bado zinawasumbua. Ukimwachia fundi ashushe pembeni atakavyo, utatoka na ngazi kichwani. Mwambie mapema: namba moja pembeni, namba mbili juu, basi. Lakini laini ya paji la uso, wallahi, hapo nawavulia kofia. Wembe mpya unafunguliwa mbele ya macho yako, na hata nyuma ya sikio, ambako vinyozi wengi hupapasa tu, wao hupamaliza.

Mimi hungoja kiti cha mwisho. Fundi wake katokea General Santos, mji aliokulia Pacquiao, na ukikaa pale utasimuliwa upende usipende. Atakuanzia mkanda wa kwanza wa dunia, 1998, uzani wa flai, alipomlaza Chatchai Sasakul kwao Thailand. Kisha atakupandisha naye uzani kwa uzani mpaka mikanda ya uzani nane, jambo ambalo hakuna bondia mwingine aliyelifanya. Ule wa nane, Novemba 2010, alimpiga Antonio Margarito, jitu lililomzidi urefu na kilo, na wakati huo Pacquiao alikuwa mbunge wa Sarangani. Hapo fundi huzima mashine na kucheka peke yake.

Maana kwenye siasa hana huruma naye hata kidogo. Atakukumbusha kwamba 2007 alishindwa kiti cha ubunge na mwanamama Darlene Antonino-Custodio, na kwamba alipoingia bungeni alilaumiwa kwa utoro, leo mazoezini, kesho ulingoni. Useneta aliupata 2016. Urais wa 2022 akawa wa tatu, nyuma ya Marcos na Robredo. Nikamuuliza, wewe ulimpa? Akasema ngumi zake anazipenda tangu utotoni, kura ni kitu kingine. Sisi tuliotoka Kenya, ambako jina likishavuma tu mwenyewe anaanza kubandika mabango ya kampeni, tunamwelewa vizuri.

Mwaka 2025 ndio ulionifurahisha. Mwezi wa tano Pacquiao akaukosa useneta. Mwezi wa saba, akiwa na miaka 46, akapanda ulingoni Las Vegas na Mario Barrios, bingwa wa dunia wa WBC, raundi 12, ikawa sare. Huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi. Walifungua mapema, televisheni juu kabisa, na hakuna aliyenyolewa hadi majaji walipomaliza. Nilipewa kahawa ya bure na kiti cha plastiki. Fundi wangu, yule yule asiyempa kura, alikuwa amesimama juu ya stuli akiwatukana majaji kwa Kibisaya.

Ijumaa jioni msiende, foleni inafika nje. Wanapokea pesa taslimu tu. Na wembe ukiwa shingoni, jina la Juan Manuel Márquez, yule Mmeksiko aliyemlaza Pacquiao kwa knockout 2012, lisikutoke mdomoni.