Maranda ya karakana ya Mikindani: tathmini ya mtunza panya wa maabara

Kwa yeyote anayetunza panya wa maabara hapa Mombasa: nimepata mahali pa kununua maranda ninayoyatia vizimbani bila wasiwasi. Ni karakana ya mbao iliyoko Mikindani, ukiacha barabara kuu na kuteremka upande wa hori. Haina bango. Utaitambua kwa fremu za milango zilizoegemezwa ukutani na kwa mlio wa mashine ya randa, ambao utausikia kabla hujafika. Kwao maranda ni taka za kuondolewa njiani, na wanunuzi wao wakubwa ni wafugaji wa kuku wa nyama. Mimi natunza panya weupe wa Wistar, aina ya panya wakubwa wa maabara, pamoja na vipanya, yaani ile jamii ya panya wadogo ambao Waingereza huwaita mice, katika maabara ya chuo kimoja kisiwani. Kwa wanyama hao maranda ndiyo kitanda, ndiyo choo, na ndiyo hewa wanayoivuta usiku na mchana.

Siku ya kwanza, mzee mwenye karakana aliniuliza nina kuku wangapi.

“Si kuku, mzee. Ni panya wa maabara, wale wa kujaribia dawa.”

Akazima mashine, akajifuta vumbi usoni. “Basi mwanangu, wataka maranda ya mti gani?”

Swali hilo ndilo lililonifanya nirudi. Nimenunua kwa wauzaji kadhaa mjini humu, na kila nilipouliza maranda ni ya mti gani nilijibiwa kwamba ni ya mbao, basi. Muuzaji mmoja niliyemwacha alikuwa akichanganya humo vumbi la mbao zile za kugandishwa kwa gundi, na ukifungua gunia macho yanawasha. Mzee huyu alinipitisha kwenye marundo yake moja baada ya jingine: hili saiprasi, hili paini, hili mwembe, lile la pembeni mvule. Nikamwambia nataka mwembe mtupu, usioguswa na mengine. Akasema hilo halina ugumu, ni kufagia mashine kabla ya kupiga randa mwembe na kulitia gunia kabla ya mti mwingine kupanda mezani.

Kwa nini mti unanishughulisha kiasi hiki? Kwa sababu ya ini. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, Elliot Vesell, alionyesha jambo ambalo kila maabara inayopima dawa ingepaswa kulibandika mlangoni. Panya na vipanya waliolazwa juu ya maranda ya miti laini, yaani mtarakwa mwekundu wa kwao, paini nyeupe na paini ya ponderosa, walionekana vimeng'enya vitatu vya ini vinavyovunja dawa vimepanda. Walipohamishiwa kwenye maranda ya miti migumu, vikashuka. Wanyama hao hawakuchomwa sindano wala kunyweshwa kitu. Walilala tu. Mafuta yanayoipa mbao harufu yake hupaa hewani na mnyama akayavuta, hushika kwenye manyoya naye akayalamba anapojisafisha, na ini huyapokea kama linavyopokea kemikali yoyote ngeni: huongeza vimeng'enya vya kuishughulikia. Baada ya hapo ukimpa mnyama yule dawa ya usingizi kama heksobabitali, ataamka mapema kuliko mwenzake, kwa kuwa ini lake linaifagia haraka.

Mtarakwa ule wa Marekani ni Juniperus virginiana. Mtarakwa wetu, unaoshushwa kutoka bara kwa ajili ya nguzo za ua na makabati ya nguo, ni Juniperus procera. Ni ndugu wa jenasi moja. Harufu inayowafukuza nondo kabatini ni nzuri kwa nguo zako, lakini usiipeleke kwenye kizimba ambamo mtu anataka kujua ini linafanya nini. Saiprasi na paini, ambazo ndizo mbao za kawaida za maseremala wetu, nazo ni miti ya utomvu na harufu, kwa hiyo sizichukui hata nikipewa bure. Maranda ya mkalitusi siyagusi pia: kemikali kuu ya mafuta yake, sineoli, inajulikana kwa kuamsha vimeng'enya hivyo hivyo vya ini la panya.

Hapa chuoni wanafunzi wengi hutaka kupima kama mimea ya kwetu inalinda ini. Mlonge ndio wanaoupenda zaidi. Njia yao ni ile iliyozoeleka: panya hupewa parasetamoli nyingi, wengine wakanyweshwa na maji ya mlonge, kisha damu hupimwa ALT na AST, vitu ambavyo huvuja kutoka kwenye seli za ini zikiumia. Sasa parasetamoli yenyewe haiharibu ini mpaka vimeng'enya vya ini viigeuze sehemu yake kuwa kemikali kali. Ukivichezea vimeng'enya, waweza kuwa umeichezea sumu yenyewe. Mwanafunzi akianza kazi kwa gunia la saiprasi na kuimalizia kwa gunia la mwembe kwa sababu muuzaji alileta alichokuwa nacho, hawezi tena kusema kwa uhakika kwamba tofauti aliyoiona ililetwa na mlonge. Nimewaona vijana wakilia juu ya majedwali yasiyolingana. Inaniuma, kwa sababu kazi ni ya miezi, ada imelipwa na mzazi aliyejinyima, na panya waliochinjwa hawarudi.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya karakana hii ni kwamba mti ninaoagiza ndio ninaoletewa. Ya pili ni umbo la maranda. Mashine yao hutoa vipande virefu vilivyojikunja, si unga. Unga wa mbao huingia puani mwa mnyama ambaye pua yake iko chini siku zote, na mapafu ya panya ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Mzee huyachekecha kwenye wavu wa kokoto kabla ya kufunga gunia, na vumbi linalobaki chini ni dogo. Mvule nimemwambia asiniletee hata kidogo, ingawa ni mti mgumu na mzuri, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi na pua za maseremala wenyewe. Yeye alinikubalia upesi, akanionyesha mikono yake.

Ya tatu ni ukavu, na hapa naomba nikae kidogo, maana Mombasa si Nairobi. Mwongozo wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara, toleo la 8 la mwaka 2011, ambao ndio tunaoufuata, unataka panya na vipanya wakae kwenye nyuzijoto 20 hadi 26, na unyevu wa hewa uwe asilimia 30 hadi 70. Joto tunaliweza kwa kiyoyozi, stima zikiwepo. Unyevu ndio vita. Asubuhi nyingi hewa ya nje hupita asilimia 80, na maranda huunywa unyevu huo hata yakiwa ghalani. Kizimba kikiwa na maranda mabichi, mkojo hauna pa kwenda. Bakteria waliomo kwenye kinyesi huivunja yurea ya mkojo na kutoa amonia, na joto na majimaji huwaharakisha. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba amonia ya kiwango cha sehemu 25 hadi 250 kwa milioni huuzidisha ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na mikoplasma, aina ya bakteria, katika panya, kuanzia puani hadi mapafuni. Kiwango hicho cha 25 ndicho kinachopendekezwa Marekani kuwa mwisho kwa mfanyakazi wa zamu nzima. Mfanyakazi hutoka nje akapunga upepo. Panya yuko ndani ya kizimba, sentimita mbili juu ya choo chake.

Maranda ya mwembe ya karakana hii, yakifika makavu, hunivusha siku zangu za kawaida kati ya usafi mmoja na mwingine bila ile harufu ya kukata pua ukifungua mlango wa chumba. Hilo kwangu ndilo kipimo cha kila asubuhi.

Lipo jambo jingine nililoliona na maranda haya marefu, nalo linahusu moyo. Sisi huona nyuzi 22 ni baridi ya raha. Kipanya hazioni hivyo. Akiachiwa achague mwenyewe pa kupumzikia huelekea kwenye nyuzi 30 hivi. Katika nyuzi 22 moyo wake hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, hula sana, na mafuta yake ya kahawia yaliyo katikati ya mabega huchomwa bila kupumzika ili apate joto. Ukimweka kwenye nyuzi 30 mapigo hushuka hata chini ya 400. Ini nalo halibaki vilevile: mwaka 2017 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walionyesha kwamba vipanya waliolishwa mafuta mengi katika joto la aina hiyo walipata ugonjwa mbaya zaidi wa ini lenye mafuta kuliko wenzao wa nyuzi 22, na safari hii majike pia waliugua. Mnyama ni yuleyule, chakula ni kilekile, chumba ndicho kilichobadilika.

Kwa hiyo kiyoyozi kinapofanya kazi, maranda marefu na mengi ni blanketi. Vipanya wangu hujichimbia, wakajenga kiota, na ukifunua unakuta joto. Maranda ya unga hayawapi hilo. Hulala juu yake wamekumbatiana pembeni. Lakini stima zinapopotea mchana wa kaskazi, mambo hugeuka. Panya hatoki jasho wala hahemi kama mbwa. Hupoza mwili kwa mkia, mishipa yake ikipanuka na kutoa joto, na kwa kujipaka mate kwenye manyoya, njia ambayo haifai kitu hewa ikiwa imejaa maji. Basi huyasukuma maranda kando na kujilaza tumbo wazi kwenye sakafu ya kizimba. Tangu nilipoanza kutumia maranda haya, ambayo ni mepesi kusukumwa, mimi huacha kona moja ya kizimba cha panya wakubwa bila kitu, na vipanya huwajazia. Naye anayeandika matokeo namhimiza aandike pia saa stima zilipopotea na ziliporudi.

Kasoro zipo na sitazificha. Wakati wa masika magunia mawili yalinifikia yamelowa chini kwa kuwa tuktuk haikuwa na turubai, na nikayakuta yameanza ukungu. Nilipopiga simu mzee hakubishana. Alileta mengine na yale akayachukua mwenyewe. Mara nyingine nilikuta msumari. Sasa kijana wake hupitisha sumaku juu ya maranda kabla ya kufunga, jambo nililoliomba na likafanyika, lakini mimi bado huyapitisha kwa mkono kabla ya kuyaingiza kwenye otoklevu, mashine ya kuulia vijidudu kwa mvuke. Na kuna gunia moja lililokuja likinuka saiprasi. Kijana mgeni alikuwa hakufagia mashine. Nililirudisha lote bila kulitumia, na sikulipishwa.

Bei: gunia lile la mahindi ni shilingi 200 likiwa limechekechwa, 150 likiwa halijachekechwa. Lipeni hizo hamsini. Kuna maranda ya wafugaji wa kuku ya shilingi 100 ukitafuta, na watu wa uhasibu watakuonyesha tofauti hiyo kwenye karatasi. Waonyeshe nanyi gharama ya panya mmoja, chakula chake, na kemikali za kupimia damu, halafu waulize ni kipi cha kubana. Nauli ya tuktuk hadi kisiwani ni juu yako, na kwa anayechukua magunia machache ni afadhali uende mwenyewe uchague.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza utafiti, shauri langu ni kununua maranda yote ya kazi nzima kwa mkupuo mmoja, ya mti mmoja, na kuwalaza panya wa kundi la kulinganishia juu ya gunia lilelile wanalolalia panya wanaopewa dawa. Andika jina la mti katika ripoti. Ukiwa huna pa kuyaweka, mzee amekubali kutuhifadhia juu ya mbao, mbali na sakafu, kwa majuma machache bila malipo. Bohari lake ni kavu, nimeingia nikalikagua.

Pia muulize kama mbao za siku hiyo zimepakwa dawa ya mchwa. Atakwambia ukweli, na zilizopakwa huwa ameziweka peke yake nyuma ya kibanda, lakini uliza kila mara, kwa sababu vijana wa mashine hubadilika na si wote wanaojua maranda yanakwenda wapi.

Mwembe haupasuliwi kila siku, kwa kuwa fundi hufuata oda za milango na vitanda. Anayetaka mwembe mtupu ampe taarifa wiki mbili kabla, na anayetaka akiba ya masika aagize mwezi wa pili, kaskazi ikiwa bado inavuma na mbao zikiwa kavu.