Hifadhi ya chati za Uingereza mtandaoni: hazina inayodai msomaji makini

Tovuti ya Official Charts Company, kampuni inayoandaa chati rasmi ya muziki nchini Uingereza, imehifadhi orodha za nyimbo zilizovuma nchini humo kuanzia ile ya kwanza ya Novemba 1952 hadi ya wiki hii, na zinafunguliwa kwa intaneti. Ukichagua tarehe, unaletewa orodha nzima ya wiki hiyo. Ukitafuta jina la msanii, unaonyeshwa vibao vyake vyote, nafasi ya juu ambayo kila kimoja kilifikia na idadi ya wiki kilizodumu. Kwa mpenzi wa historia ya muziki ni huduma ya thamani kubwa. Hata hivyo, namba hizo zinaeleweka tu na anayejua jinsi zilivyohesabiwa, na maelezo hayo hayamfikii msomaji pale anapoyahitaji, yaani kando ya orodha yenyewe.

Chukua ukurasa wa kwanza. Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express alipiga simu kwa maduka ya santuri yapatayo 20, akauliza ni zipi zilizouzwa zaidi, na tarehe 14 Novemba 1952 gazeti likachapisha orodha ya nafasi 12, ambayo kwa sababu ya kufungana ilikuwa na nyimbo 15. Al Martino ndiye aliyeongoza kwa "Here in My Heart", akakaa kileleni wiki tisa. Ukisonga mbele mwaka mmodi utakuta jambo linalowashangaza wasikilizaji wa leo: wimbo "Answer Me" ulishika namba moja kwa sauti ya David Whitfield na pia kwa sauti ya Frankie Laine, na mwezi Desemba 1953 matoleo hayo mawili yalishirikiana nafasi hiyo wiki moja. Wakati huo wimbo uliweza kuimbwa na wasanii kadhaa kwa mpigo, kila kampuni ikiwa na mwimbaji wake. Hapa hifadhi inafundisha kuliko kitabu, kwa kuwa unaona mashindano hayo wiki baada ya wiki.

Miaka ya 1960 ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Magazeti kadhaa yalichapisha chati zake, na hakukuwa na moja iliyokubaliwa na wote hadi Februari 1969, shirika la utafiti wa soko la BMRB lilipopewa kazi ya kuhesabu mauzo. Kwa kipindi cha tangu Machi 1960, hifadhi hii inafuata orodha za jarida la Record Retailer pekee. Kwa hiyo "Please Please Me" ya Beatles, iliyoongoza katika magazeti ya New Musical Express na Melody Maker mwaka 1963, humu imeandikwa namba mbili. Uamuzi wa kufuata chanzo kimoja unaeleweka, lakini sentensi moja ya maelezo chini ya ukurasa ingewaepusha wasomaji na mabishano mengi.

Raha ya kweli ni kufuata safari ya wimbo mmoja. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliandika "Bohemian Rhapsody", na kundi lake la Queen likauweka kileleni wiki tisa kuanzia Novemba 1975. Baada ya kifo chake tarehe 24 Novemba 1991, rekodi ileile ilirudi namba moja kwa wiki nyingine tano, ikawa imeongoza Krismasi mbili tofauti.

Kipimo chenyewe nacho kimebadilika sana. Mwaka 2006 "Crazy" ya Gnarls Barkley ilifika kileleni kwa nyimbo zilizopakuliwa tu, kabla santuri yake haijauzwa madukani. Julai 2014 usikilizaji wa mtandaoni ukaanza kuhesabiwa, mara 100 zikiwa sawa na mauzo ya nakala moja. Machi 2017 nyimbo zote 16 za albamu mpya ya Ed Sheeran ziliingia katika 20 bora, na miezi michache baadaye kanuni zikarekebishwa ili msanii mkuu asiwe na zaidi ya nyimbo tatu kwenye chati kwa wakati mmoja. Kanuni nyingine hupunguza thamani ya usikilizaji wa nyimbo za zamani. "Running Up That Hill" ya Kate Bush, ya mwaka 1985, ilihitaji kuondolewa katika kanuni hiyo mwaka 2022 ndipo ikashika namba moja. Kulinganisha wiki za Al Martino na za Sheeran kana kwamba ni kitu kimoja ni kosa, na jinsi tovuti inavyopanga rekodi zote katika jedwali moja inalichochea.

Kasoro inayoniuma zaidi ni kutotajwa kwa watunzi. Mwaka 1982 kundi la Tight Fit liliongoza wiki tatu kwa "The Lion Sleeps Tonight", wimbo uliotokana na "Mbube" ya Solomon Linda, aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939. Katika orodha ya wiki hizo unaonyeshwa jina la kundi, Linda hayumo. Ninaipendekeza hifadhi hii kwa watangazaji, walimu wa muziki na waandishi, hasa kwa miaka ya baada ya 1969, na ninawaomba waendeshaji wake waongeze safu ya mtunzi katika kila ukurasa wa wimbo.