Kauntabuku ya kwaya mbili (quire 2) kwa tafakari ya kila jioni

Msimamizi yeyote anayetaka kujitathmini kila siku, nampendekezea kauntabuku ya kawaida, ile ya jalada gumu na kurasa 192. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, na huiandika nikitoka zamu, kabla sijaingia jikoni.

Karatasi yake ni nyepesi, wino mzito hutokeza upande wa pili, kwa hiyo tumia peni ya kawaida. Mshono ni imara. Haina tarehe zilizochapwa, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi: siku ya zamu ngumu naandika mistari mitatu, siku nyingine ukurasa mzima.

Nafuata hatua za kutafakari za mtaalamu wa elimu Graham Gibbs za mwaka 1988, ambazo wauguzi wengi tulifundishwa chuoni: nini kilitokea, nilihisi nini, kipi kilikwenda vizuri na kipi hapana, kwa nini, nimejifunza nini, mara nyingine nitafanyaje. Hapo kwenye “kwa nini” ndipo penye kazi hasa. Nilipopitia kurasa za mwezi mzima, niliona malalamiko mengi ya wauguzi ninaowasimamia yanaangukia saa ya kupokezana zamu. Sasa makabidhiano tunafanyia kitandani kwa mgonjwa, na hata waliokuwa kimya wanauliza maswali.

Programu za simu zina vikumbusho vizuri, ila ujumbe wa WhatsApp ukiingia tu, tafakari imekwisha. Majina ya wagonjwa usiyaandike kabisa, na daftari lifungie kwenye droo yenye ufunguo.