Vanishi miaka 3, mafuta mwaka 1: uzoefu wangu na deki ya mbao ya nje huku Kigamboni

Naandika hii kwa sababu kabla sijaanza nilihangaika kutafuta mtu wa huku kwetu aliyepitia hii kazi sikumpata, kila ninachokutana nacho ni watu wa Ulaya wanalalamikia theluji, na mi theluji hainihusu, mi niko Kigamboni, bahari iko kama mita 400 kutoka ukutani kwangu, chumvi inakula mpaka vitasa vya milango.

Kwanza tuelewane, nikisema deki siongelei kupiga deki. Nilipompigia fundi simu nikamwambia nataka deki yangu irudiwe upya akanyamaza kidogo halafu akaniuliza "dada, kwani hiyo si kazi ya dada wa nyumbani?" Naongelea lile baraza la mbao la nje, tunapokaa jioni kunywa chai upepo ukipiga. Langu ni mita 6 kwa 4, mbao za juu ni mtiki wa Muheza, maboriti ya chini ni paini iliyopigwa dawa, ile yenye kaukijani. Lilijengwa 2021 na fundi wa kwanza akamalizia na vanishi mikono mitatu. Aisee ilikuwa inang'aa unajiona sura, wageni walikuwa wanavua viatu wenyewe bila kuambiwa.

Masika ya 2022 ikaanza kujivua kama mtu aliyeungua na jua. Nikamwita fundi, akapiga msasa juu juu akapaka nyingine. 2023 hivyo hivyo. Kufika 2024 nilikuwa na vanishi juu ya vanishi juu ya ukungu, sehemu nyeusi, sehemu nyeupe, sehemu inang'aa, yani ukiangalia kwa mbali unadhani kuna mtu kamwaga uji. Shida niliielewa baadaye. Vanishi inakaa juu ya mbao, haizami, na mbao ya nje haitulii, ikinyeshewa inavimba, jua likiwaka inasinyaa, na ile ngozi ya juu haiwezi kucheza nayo kila siku miaka yote, inapasuka. Ikishapasuka maji yanaingia kwenye kaufa kadogo halafu hayana pa kutokea, yanakaa chini ya vanishi yanapika kuvu. Kwa hiyo ile kitu unayolipia ilinde mbao ndo inayofuga maji.

Aliyenitoa tongotongo ni mjomba wangu, alikuwa fundi wa majahazi huko Kilwa, alikuja kututembelea akainama akabandua kipande cha vanishi na ukucha akacheka sana. "Mwanangu hii mbao umeivalisha nailoni, itapumulia wapi?" Akanieleza wao mbao za chombo walikuwa wanazipaka sifa, mafuta ya papa, yanazama ndani, yakiisha unapaka tena, hakuna cha kukwangua. Nikamuuliza na harufu je? Akasema harufu unaizoea. Mi sikuwa tayari kuizoea, ila wazo likaniingia, nikaanza kutafuta mafuta ya mbao za nje.

Fundi wangu wa sasa yeye alikuwa anapigia debe oili chafu, ile inayomwagwa gereji, eti mchwa hausogei. Kwenye nguzo za uzio sijui, lakini pale wanapotambaa watoto na mi natembea peku, hapana.

Sa tuje kwenye kazi. Tulianza mwisho wa Juni 2024, masika imeshaisha na kusi imeanza kuvuma, nikasubiri wiki mbili kavu kabisa bila tone, maana mbao yenye maji ndani hainywi mafuta hata uifanyeje. Kutoa vanishi ya zamani ndo kazi iliyotuua. Jirani alishauri tulete mashine ya kuoshea magari, tukajaribu kwenye mbao mbili tu, presha ikachimba sehemu laini ikaacha manyoya kama ganda la nazi, tukaacha hapo hapo. Tukakodi mashine ya msasa, namba 40 ya kung'olea, halafu 60, tukamalizia 80. Fundi alitaka aende mpaka 220 iwe laini kama meza ya kulia chakula nikamkatalia, ukiilainisha sana unaziba matundu yake na mafuta yanabaki kuelea juu, na isitoshe sakafu ya nje ikiwa laini hivyo mvua ikinyesha mtu anateleza. Siku nne hizo kwa mita 24 za mraba, vumbi mpaka kwenye sukari. Maboriti ya chini hatukuyagusa na msasa, ile dawa ya kijani siyo ya kuvuta puani, na vipande vilivyobaki vya mbao hizo nilimzuia mama wa jirani aliyekuja kuomba kuni, alinuna lakini ile siyo ya kupikia kabisa.

Kabla ya msasa kuna jambo la skrubu, hili linauma. Fundi wa kwanza alitumia zile za njano za kawaida, huku baharini zilikuwa zimeshakuwa kutu tupu, na kutu ikikutana na mtiki inatoa michirizi myeusi kama wino. Nilizitoa zote, zaidi ya 800, nikaweka za chuma kisichoshika kutu, zile za daraja la 316 wanazotumia kwenye boti. Bei yake ilinikata maini kuliko mafuta yenyewe lakini sijutii. Ile michirizi myeusi tuliitoa na unga wa asidi ya oksaliki, mafundi wa terazo wanaujua, wanaung'arishia sakafu, unauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, unapaka na brashi, unaacha kama dakika 20, unasuuza maji mengi. Mbao iliyokuwa kijivu ikarudi rangi ya asali mbele ya macho yangu, fundi mwenyewe alisema "toba!" Vaeni glavu na miwani, ni sumu ile. Na msidanganyike na klorini ya kufulia, inafanya nyeupe kweli ila inakula nyuzi za mbao.

Mafuta nilichukua kopo la lita 5, rangi ya tiki. Muuza duka alikuwa na yale meupe yasiyo na rangi pia, bei poa kidogo, lakini rangi ile ndo inayokinga jua, ukipaka yasiyo na rangi mbao inarudi kijivu mapema. Mkono wa kwanza ulikunywa kama lita 3, wa pili hazikufika 2. Tulipaka asubuhi kabla jua halijashika, mbao mbili mbili kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama katikati, maana ukikatiza katikati ya ubao pale yanapokutana makavu na mabichi panabaki alama. Baada ya nusu saa hivi unafuta kilichobaki juu na tambara. Hapo ndo tulipokosea, fundi aliamini yakizidi ndo vizuri, kona ya karibu na ngazi akamwagilia akaacha, ikabaki inanata wiki nzima kama utomvu wa embe, ndala ya mtoto ilibaki pale yeye akaendelea na safari. Ikabidi tuifute na tina, tupake upya.

Sa hili linalofuata ndo limenifanya nikae chini niandike. Matambara. Tulikuwa na kama kumi yameloa mafuta, tukayakunja tukayatupia kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya stoo. Saa tisa alasiri nasikia harufu kama mtu kaunguza mafuta ya kukaangia, nikajua jikoni, naenda jikoni hamna kitu, nazunguka nyuma nakuta ndoo inafuka moshi, chini imeshaanza kulegea. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna mtu. Kumbe haya mafuta yenye asili ya mbegu za kitani hayakauki kama maji yanavyokauka, yanakauka kwa kushikana na hewa na yakishikana yanatoa joto, tambara likitandazwa joto linaondoka na upepo, likikunjwa na wenzake joto linajilundika ndani mpaka linawaka lenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwenye kopo, herufi za ukubwa wa sisimizi, nani alisoma? Stoo ilikuwa na mtungi wa gesi jamani. Tangu siku hiyo tambara likitumika linaloweshwa kwenye ndoo ya bati yenye maji au linaanikwa kwenye kamba moja moja mpaka likauke kama karatasi. Mwambieni fundi wenu kabla hajafungua kopo, wangu ana miaka 15 kwenye useremala na hakuwa anajua.

Baada ya mwaka je? Ukweli usemwe, mafuta yanafifia. Kufika Aprili 2025 upande unaopigwa na jua la mchana ulikuwa umeshaanza kupauka, upande wa chini ya mwembe bado mzima. Mi napima kwa kumwaga maji kidogo, yakisimama vidonge vidonge kama kwenye jani la gimbi bado yapo, yakizama na mbao ikaweka giza muda umefika. Ila sasa angalia tofauti, Julai 2025 kurudia kulikuwa kuosha na sabuni na brashi ngumu, kuacha siku mbili mbao zikauke, msasa kidogo pale kwenye ngazi, halafu mkono mmoja, lita moja na nusu. Tulianza saa moja asubuhi, saa tano nilikuwa nimeshaoga. Hakuna kukwangua, hakuna mashine, hakuna vumbi kwenye sukari.

Mabaya yake: harufu inakaa siku tatu nne, huwezi kuweka viti siku mbili, mchuzi wa pilau ukimwagika unaacha doa, na mng'aro wa vanishi usiutegemee, hii haing'ai, inakaa kama mbao iliyolowa kidogo. Kwa aliye Dodoma au Iringa pengine itakaa zaidi ya hapo, huku pwani mi nimejipangia kila mwaka baada ya masika, na hiyo nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni.

Mafuta nayapa nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya yale maandishi ya sisimizi. Fundi nampa 3 na nusu, na Jumamosi anakuja tena maana zile reli za pembeni bado zina vanishi ya 2021 na zenyewe zimeshaanza kujivua. Mjomba alipita Idi, akavua viatu akatembea peku kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi na kurudi, akasema sawa, ila haina harufu.