Mawe ya fuwele kwenye ndege: mkononi au sandukuni?
Kisumu hadi Nairobi kwa ndege haifiki saa moja, lakini fuwele ya jasi, madini ya kutengenezea plasta, huvunjika kwa kufumba na kufumbua. Jasi ni laini, hata ukucha huikwaruza. Hiyo naibeba mkononi: karatasi ya shashi kwanza, halafu pamba, ndani ya kopo gumu. Askari wa ukaguzi namwambia mapema, maana kwenye eksrei jiwe ni bonge tu la kutiliwa shaka. Afungue mezani, taratibu.

Obsidiani ya Naivasha, kioo cha volkano chenye makali kama wembe, mkononi huenda ikazuiwa. Iende sandukuni, katikati ya nguo, mbali na kingo. Mizigo ya chini hurushwa, nimeona kwa macho yangu. Kwatzi ya kawaida, fuwele ngumu? Popote, mradi kilo zisizidi.