Chania na Gavdos: manispaa mbili za mkoa mmoja

Mkoa wa Chania, magharibi mwa Krete, una manispaa 7 tangu mageuzi ya Ugiriki ya mwaka 2011 yaliyounganisha manispaa. Manispaa ya Chania ilimeza jirani zake, zikiwemo Souda yenye bandari na Akrotiri yenye uwanja wa ndege; ina wakazi zaidi ya laki moja.

Gavdos haikuunganishwa na yeyote. Ni kisiwa cha kusini kabisa mwa Ugiriki, kilikuwa na wakazi 152 katika sensa ya mwaka 2011, lakini kina meya na baraza lake. Fedha na watumishi viko Chania, hilo halina ubishi. Hata hivyo naona Gavdos iliachwa kwa haki: bahari ikichafuka meli hazivuki, na diwani wa ng'ambo angewasaidia nini?